Keki ya Siku Mia

Tulimzika Mama Solange mwezi uliopita, Jumamosi yenye upepo, na tulipotoka makaburini tukarudi kwenye ukumbi wa kanisa kule Campbelltown, pembezoni mwa Sydney, ambako wanawe walikuwa wamepanga viti vingi kuliko watu. Kulikuwa na wali, sombe ya majani ya muhogo, samaki wa kukaanga na soda za makopo. Binti yake mkubwa, Solange mwenyewe, alikuja nilipoketi akaniinamia sikioni. "Dada Mwende, weye ulikaa naye nyumba moja wakati ya korona. Sema hata maneno mbili tu." Nikasimama, nikashika maikrofoni, nikasema kwamba mama yao aliniletea chakula mlangoni kwa siku kumi na nne nilipofungiwa, na kwamba hakuwahi kunisahau hata mlo mmoja. Basi. Nikarudisha maikrofoni, nikaketi. Kwenye treni ya kurudi, safari ile ndefu ambayo marehemu aliizoea kuliko mimi, nilijaribu kupanga yale niliyopaswa kusema, na kila nilipoanza nilijikuta lazima nieleze kwanza habari ya mchele na kinu, na habari ya mtoto wa Kikorea aliyetimiza siku mia moja katika mwezi ambao hakuna aliyeruhusiwa kubisha hodi kwa mwenzake. Nimechoka siku hizi, na kuandika kunanichosha zaidi, lakini nisipoyaandika nitabaki na yale maneno mawili.

Huo ulikuwa mwaka wa pili wa korona. Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, nasomea uuguzi na kufanya kazi katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Nilipanga chumba Lidcombe, ghorofa ya juu ya jengo la matofali mekundu lisilo na lifti, karibu na reli kiasi kwamba treni ikipita vikombe vilitetemeka kabatini. Mwaka ule treni zilipita karibu tupu, na vikombe vikatetemeka vilevile. Tulikuwa wanawake watatu. Mama Solange, Mkongomani wa Uvira aliyekuwa amevuka hamsini, alipakia maboksi katika ghala la hapo karibu. Watoto na wajukuu wake walikuwa Campbelltown, akiwaendea kila Jumapili, mpaka ilipotoka amri ya kutokwenda zaidi ya kilomita tano kutoka nyumbani, njia ikakatika. Wa tatu alikuwa Eun-ji, Mkorea wa miaka ishirini na sita, mtengeneza nywele katika saluni iliyokuwa imefungwa. Chumba chake kilipakana na changu. Mume wake alikuwa amesafiri mapema mwaka ule kwenda Korea kumzika baba yake, akamwacha na mimba ya miezi mitano, akiamini kwamba kibali cha kurudi kitapatikana. Hakikupatikana. Mtoto alizaliwa mwishoni mwa Mei, na kwa kuwa hospitali iliruhusu mtu mmoja tu wa kumsindikiza mzazi, Mama Solange ndiye aliyeingia naye, akamshika mkono, akamkemea kwa Kiswahili ambacho Eun-ji hakuelewa hata neno. Mtoto akaitwa Minjun.

Wiki zile za kwanza nyumba nzima ilinuka mchuzi wa mwani. Kwao mzazi hulishwa mchuzi huo asubuhi, mchana na jioni, na mama yake Eun-ji, aliyekuwa kwao Gwangju, Korea, alimwelekeza Mama Solange kwa simu ya video iliyoegemezwa kwenye mkebe wa majani ya chai. Wawili hao hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja. Mama wa Korea alisema lake, Eun-ji akatafsiri kwa Kiingereza kutoka kitandani, mimi nikageuza kwa Kiswahili, na Mama Solange akajibu, "Mwambie nimesikia. Mwambie mi nimezaa watoto saba, asipige kelele." Hayo sikuyatafsiri. Nyumbani Kiingereza ndicho kilichotuunganisha na Eun-ji, kila mmoja na chake, na yale ninayoandika hapa kutoka kinywani mwake nimeyaweka kwa Kiswahili. Mimi aliniita onni, yaani dada mkubwa, neno ambalo kwao msichana humwita mwanamke anayemzidi umri kidogo. Nililipenda neno hilo kuliko nilivyoonyesha.

Nami nilikuwa na siri. Nilikuwa nimemwacha binti yangu Mumbua kwetu Kenya, mji wa Wote, kwa mama yangu, akiwa na miezi minane. Baba yake hakuwepo na sitamweka humu. Mpango wetu mimi na mama ulikuwa mfupi: nitangulie, nipate kazi na nyumba, na katika nusu mwaka nimlete mtoto. Wiki chache baada ya mimi kutua, mipaka ikafungwa. Mwenye viza kama yangu akitoka harudi, na aliye nje haingii. Mwanzoni nilikuwa nasema kwamba nina mtoto. Kisha siku moja kazini, chumba cha chai, mwanamke mmoja aliniuliza mtoto ana miezi mingapi, nikamwambia, akaweka kikombe chini na kunitazama. "Ulimwacha mtoto anayenyonya?" Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu siku ile nilipoulizwa nilisema sina, na nilipohamia Lidcombe niliendelea na hilohilo, kwa sababu lilikuwa limeshakuwa jepesi mdomoni.

Kila siku saa nane mchana, nikiwa sina shifti, nilijifungia chumbani na kupiga simu. Kule Wote ilikuwa saa moja asubuhi, Mumbua anakunywa uji. Mama aliweka simu mezani, mimi nikamwona paji la uso na kijiko. Sikujua la kuzungumza na mtoto ambaye hanijui, kwa hiyo niliimba. Niliimba nyimbo za kubembelezea nilizomwimbia akiwa mdogo, na yeye aliendelea kula. Mama alipomwambia, "Sema hujambo," alisema, "Hujambo, Aunty." Mama alikuwa akimsahihisha mwanzoni. Baadaye aliacha, na sikumlaumu. Mtoto alimwita yeye mama, na ndiye aliyekuwa akimwosha na kumlaza.

Ilikuwa Agosti, tukiwa tumefungiwa wiki nyingi, Eun-ji alipotueleza habari ya siku mia. Tulikuwa mezani, Mama Solange amepika bugali na sombe, Minjun amelala mgongoni kwake kwa kitenge. Zamani, Eun-ji alisema, watoto wengi wa kwao hawakufika siku mia, kwa hiyo aliyefika alipikiwa keki ya mchele, nyeupe tupu, bila rangi wala tunda, na keki hiyo hugawiwa watu mia moja. Wakila watu mia, mtoto ataishi maisha marefu. "Mama yangu anasema nisijali," alisema, "mwaka huu hakuna anayefanya. Lakini anasema hivyo akiwa amegeuza uso." Mama Solange aliacha kutafuna. Aliniuliza kwa Kiswahili, kana kwamba anahakikisha tafsiri, "Batu mia?" Nikamwambia ndiyo, watu mia. Akaendelea kula kidogo. "Bon. Jengo hii iko na milango kumi na mbili, na ile ya pembeni kumi na mbili. Tutaanza hapo."

Keki yenyewe, inayoitwa baekseolgi, ukiitazama ni kitu rahisi: unga wa mchele, chumvi, sukari na mvuke. Ugumu uko kwenye unga. Hautakiwi ule mkavu wa dukani. Mchele hulowekwa usiku kucha, huchujwa, kisha husagwa ungali na maji yake. Kwao watu hupeleka mchele kwenye kinu cha mtaa. Pale Lidcombe palikuwa na duka la keki za mchele lenye mashine hiyo, lakini mwenyewe aliugua na duka likafungwa. Eun-ji akajaribu kwa blenda yetu. Blenda ikalia, ikatoa moshi, ikafa. Kile kidogo kilichosagika alikipika, na tulipokikata katikati tulikuta unga mbichi, mkavu, unamwagika kama chokaa ya ukuta. Mama yake kwenye simu alicheka, kisha alipoona binti yake halii wala hacheki, bali amekaa tu sakafuni na sahani mapajani, akaacha kucheka. Nilikuwa nimetoka shifti ya asubuhi, miguu inawaka moto. Nilisimama mlangoni mwa jikoni na sare yangu, na nakumbuka kuwa sikuwa na nguvu hata ya kusema pole.

Mama Solange ndiye aliyekwenda chumbani kwake akarudi anasukuma kinu kwa mguu. Kilikuwa kinu cha mti, kikubwa, alichokinunua Cabramatta kwa mzee mmoja wa Laos kwa ajili ya kutwangia sombe, na mchi wake. Hatukuweza kutwanga ndani; mwanamume wa chini yetu alikuwa ameshalalamika kuhusu kilio cha mtoto. Basi Jumatano moja, siku ambayo mimi na Mama Solange tulikuwa tumepata mapumziko pamoja, tuliteremsha kinu hadi sehemu ya kuegesha magari chini ya jengo, tukatandika shuka safi, tukavaa barakoa, tukatwanga. Kwetu Ukambani nililelewa kwenye muthokoi, mahindi yanayotwangwa kutolewa maganda. Mikono yangu iliukumbuka mchi kabla mimi sijaukumbuka. Tulipokezana, Mama Solange na mimi, mpaka tukaweza kutwanga kwa michi miwili, mmoja ukipanda mwingine ukishuka, wa pili ukiwa mpini mnene wa ufagio aliokuwa ameukata na kuuosha. Eun-ji alichekecha unga kwa chujio la chai, hana kingine, Minjun akiwa kwenye kigari kando yake akitazama dari. Helikopta ya polisi ilikuwa inazunguka juu kama kila siku ya miezi ile. Mgongo uliniuma vizuri. Sina namna nyingine ya kusema. Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kuchoka kwa kitu nilichokichagua.

Mtu alipiga simu, maana walikuja polisi mmoja na askari wawili wa jeshi, vijana, walioletwa mtaani kwetu kukagua waliowekwa karantini. Polisi aliuliza kama tunaishi nyumba moja. Tukasema ndiyo. Akauliza tunafanya nini. Eun-ji, mwenye unga mpaka kwenye nyusi, alijibu, "Keki. Ya mtoto." Polisi alikitazama kinu, akamtazama Mama Solange aliyesimama ameegemea mchi, akatuambia tusikae sana. Askari mmoja alinyoosha shingo kumwona Minjun, akampungia mkono. Walipoondoka Mama Solange alisema, "Kule kwetu askari angechukua mchele na kinu na keki." Akaanza tena kutwanga.

Jioni ile tulijaribu keki ndogo. Mama wa Gwangju alitufundisha kupima maji: unauchukua unga mkononi, unaufumba ngumi, unaurusha kiganjani mara tatu, usipovunjika umetosha. Wangu ulivunjika. Wa Eun-ji ulivunjika. Wa Mama Solange ulidunda kama yai. Mvuke ulikuwa unapotea kati ya sufuria na chombo cha kuvukizia kilichokaa juu yake, basi Mama Solange akakanda unga wa ngano, akausokota kama kamba, akaziba pengo lote kuzunguka. Mama wa Korea akapiga makofi na kupayuka. Eun-ji akatafsiri kwa mshangao kwamba bibi yake alifanya hivyohivyo, na imo, yaani mama mdogo, ndivyo alivyomwita Mama Solange, amejifunzia wapi? "Mwambie kwa chungu ya pombe," Mama Solange alisema, mwanamke ambaye hakukosa ibada ya mtandaoni hata moja. "Na usiulize zaidi." Nilicheka mpaka nikakaa. Keki ikatoka nyeupe, laini, imeshikana, yenye ladha ndogo sana, kama wali uliokumbuka sukari. Minjun alikuwa mapajani kwangu. Nilimnusa utosi, nikakaa hivyo muda mrefu kuliko ilivyofaa, na nilipoinua macho Eun-ji alikuwa ananitazama bila kutabasamu. Unga uliobaki tukauweka kwenye friza. Siku ya mia ilikuwa Jumapili.

Alhamisi asubuhi simu yangu ililia. Ilikuwa kazini. Ajuza mmoja niliyekuwa namlisha, nitamwita Bi Joan, alikuwa amepatikana na korona. Niliambiwa nimeshakuwa close contact, yaani mtu aliyekaribiana na mgonjwa, nipimwe kisha nisitoke chumbani siku kumi na nne, na wote ninaoishi nao wapimwe leo na wasitoke mpaka majibu yarudi. Niliyasema hayo kutoka mlangoni mwa chumba changu, barakoa usoni, Mama Solange akiwa jikoni na Eun-ji akiwa kwenye korido na mtoto begani. Eun-ji alirudi nyuma hatua moja, kisha ya pili. "Ulimshika jana," alisema. "Ulimweka usoni kwako." Nikasema najua. Akaingia kwake, nikasikia dawa ya kuua vijidudu ikipulizwa, pssh, pssh, kwenye blanketi, kwenye kigari, kwenye kitasa cha mlango. Walipokwenda kupimwa nilisikia Minjun akilia ngazi zote hadi chini, na nikafikiria kile kijiti kikiingizwa katika pua yake ndogo kwa sababu yangu.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta, na ukuta wa upande wa Eun-ji uliokuwa mwembamba kama kadibodi. Siku nzima Ijumaa nililala na kuamka. Mama Solange aligonga, akaweka sahani chini, akaondoka: uji asubuhi, ndengu na wali mchana. Sikuwa na homa. Nilikuwa tu na uchovu wa mwaka mzima, ambao ulikuwa umengoja nilale ndipo unikalie. Saa nane nikapiga simu Wote, nikaimba kama kawaida. Nilipokata simu, nikasikia sauti jikoni. Walikuwa wanazungumza Kiingereza, Eun-ji kwa haraka, Mama Solange kwa neno mojamoja.

"Unasikia? Anamwimbia mtoto wangu tena. Kila siku saa hiyohiyo, kupitia ukutani. Minjun akisikia ananyamaza. Anamnusa. Juzi ulimwona? Namwogopa. Akitoka humo nitamwambia ahame."

Kisha Mama Solange, "Hamwimbii mutoto yako."

"Anamwimbia nani?"

"Huyo iko na wake. Msichana. Iko Kenya na bibi yake. Kwa simu. Minajua tangu alihamia, mimi iko na masikio." Nimeandika kwa Kiswahili chake kwa sababu ndivyo nilivyomsikia, ingawa alisema kwa Kiingereza. "Mi niliacha wawili nyuma, njiani, wakati ya vita. Miaka mine. Mama akiacha mutoto, unajua harufu yake hata katika ya watu. Huyu inanuka hivyo." Kiti kikasogezwa. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani na simu mkononi, nimevuliwa nguo zote, ndivyo nilivyojihisi, na wakati huohuo nilikuwa kama mtu aliyetua gunia.

Majibu yalifika Jumapili asubuhi, siku yenyewe. Hakuna kati yetu aliyekuwa na korona. Wao wawili na mtoto waliruhusiwa kutoka kwa mambo ya lazima, mimi nikabaki. Tangu alfajiri nilikuwa nimesikia sufuria, na mvuke wa mchele ukawa unaingia chini ya mlango wangu. Walipika mara nne ili wapate za kutosha. Mama Solange alinihadithia kutoka kwenye korido: wamekata vipande, wamevifunga kimoja kimoja kwa plastiki, Eun-ji ameandika karatasi ndogo kwa Kiingereza, kwamba mwanangu ametimiza siku mia leo, tafadhali kuleni pamoja naye. Kisha Mama Solange akavibeba kwenye beseni, akavitundika kwenye vitasa vya milango ya majengo yote mawili, na vingine akaviacha kwenye ukuta wa nje ambapo watu walipita wakifanya mazoezi. Vyangu viliwekwa mlangoni kwangu, vitatu. Vilikuwa vya moto bado. Nilikula nimesimama dirishani.

Mchana Eun-ji alishuka kutupa takataka. Aliporudi, mlango wa nyumba haukufungwa kwa muda, nikasikia Mama Solange akimwuliza kuna nini. Kwenye pipa lile la kifuniko chekundu, juu kabisa, vilikuwa vipande vya keki. Vingi. Vimefungwa vilevile, karatasi zimo. Watu waliogopa, nani wakati ule alikula chakula cha mkono asioujua? Na huenda walikuwa wamesikia kwamba ghorofa ya juu kuna aliyefungiwa. Eun-ji hakupiga kelele. Alisema tu, mara mbili, "Wametupa siku zake." Nikasikia viatu vya Mama Solange vikishuka ngazi, vikipanda tena polepole, na beseni likitua mezani. Alikuwa amevitoa vyote kwenye pipa. "Plastiki iko safi," alisema. "Ndani iko safi. Kaa. Tutakula sisi." Eun-ji akasema ni watu mia, si watu watatu. Mama Solange akasema, na sauti yake ilikuwa imechoka kuliko nilivyowahi kuisikia, "Mi nitapiga simu kwa watoto yangu, kwa batu ya kanisa, nitawaambia jina ya mutoto, wao watakula wali yao kwa jina lake, huko waliko. Utakuwa na mia. Utakuwa na mia mbili. Kula." Na kweli alianza kupiga simu pale pale. Nilimsikia mpaka jua linaondoka kwenye ule ukuta wa dirishani, akirudia, "Minjun. Min-jun. Hapana, si jina ya dawa, ni mutoto. Kula kwa jina yake. Ndiyo. Asante."

Katikati ya simu hizo Eun-ji alikuja akaketi sakafuni upande wa pili wa mlango wangu. Nilimjua kwa pumzi za mtoto.

"Anaitwa nani?" aliuliza.

"Mumbua." Sikuwa nimelitamka jina hilo kwa mtu yeyote wa nyumba ile.

"Miaka mingapi?"

"Miwili na miezi mitatu."

"Anamwita nani mama?"

"Mama yangu."

"Huyu anadhani baba ni simu. Anailamba." Nikacheka, na yeye pia, kidogo. Kisha akasema, "Nilitaka uhame."

"Nilisikia. Ukuta mwembamba."

"Nenda kwake, onni."

"Nikitoka sirudi. Masomo yatapotea, viza itapotea, kila kitu."

"Najua," alisema. "Hata mimi. Nitaenda."

Na akaenda. Mwezi wa kumi, siku chache baada ya kufunguliwa milango, alifunga virago. Alikuwa ameishi Sydney miaka mitano na alikuwa karibu kupata ukaazi, aliuacha. Ndege ilikuwa ya asubuhi. Mama Solange alimfunga Minjun mgongoni kwa mara ya mwisho akamshusha ngazi zote, na Eun-ji alinikumbatia barakoa kwa barakoa. Mume wake aliwaona baada ya karantini nyingine ya kule. Hawakurudi tena. Ana saluni yake sasa, Gwangju, na nilipompigia wiki iliyopita kumwambia Mama Solange amefariki, aliniambia nimsubiri, akafunga mlango wa saluni wateja wakiwa ndani, akalia.

Mimi sikwenda. Bi Joan alifariki nikiwa bado chumbani, nikarudi kazini kulisha wengine. Niliambiwa mipaka inakaribia kufunguliwa, nikangoja. Ilipofunguliwa nilikuwa na miezi michache ya mafunzo hospitalini, nikasema nimalize. Nilifika Wote mwezi wa nne wa mwaka uliofuata. Mumbua alikuwa amevaa gauni nililomtumia, limemzidi, na alijificha nyuma ya sketi ya mama. Alikubali biskuti. Siku ya tatu alinijia nikiwa nafua nguo uani, akasimama mbali kidogo. "Aunty, utaenda lini?" Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua. Nilimwambia baada ya wiki tano, na baada ya wiki tano nikaenda. Ilichukua karibu miaka miwili mingine, makaratasi juu ya makaratasi, kabla sijamleta. Nimejiuliza mara nyingi kati yangu na Eun-ji ni nani aliyekosea. Yeye alipoteza nchi, mimi nikapoteza miaka minne ya mtoto, na hakuna mahali pa kwenda kubadilishana.

Sasa Mumbua yuko darasa la pili. Kiswahili anakielewa chote, lakini ananijibu kwa Kiingereza, na mwanzoni alipokuja hakuniita chochote. Alinivuta nguo tu alipohitaji kitu. Neno mama lilikuwa na mwenyewe, yuko Wote, anapigiwa simu kila Jumapili. Sikumlazimisha. Nilikuwa nimechoka mno kushindana na mama yangu mzazi. Kisha siku moja tulikuwa dukani hapa Lidcombe, kumejaa watu, mimi nasoma bei za maziwa, yeye amebaki nyuma kwenye njia ya mikate. Nikasikia mtoto akipaza sauti, "Mum!" Mwanamke mmoja mwenye kigari akageuka, na mwingine mwenye ushungi, na bibi mmoja wa Kichina. "Mum!" Mimi nilirudisha chupa ya maziwa mahali pake, nikachukua nyingine, nikatazama tarehe. Ilipokuja mara ya tatu ilikuwa na hasira, na ilikuwa karibu, na nilipogeuka Mumbua alikuwa amesimama pale na mkate mikononi, ananitazama mimi.

"Nakuita," alisema kwa Kiingereza. "Mbona huitiki?"

"Samahani," nikamwambia. "Sasa nimesikia."